Udongo Mwekundu Chini ya Pikapu

Pii, pii, pii. Kisha kimya. Kisha kishindo.

Nilisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa ndani ya kibanda cha geti nikimimina chai, nimeipa yadi mgongo, na masikio yangu yakapokea sauti hizo kwa mpangilio huo: kengele ya gari linalorudi nyuma, kimya cha pumzi moja, halafu bati kupiga bati. Kama kile kimya kisingekuwepo, leo ningewaandikia mambo mengine.

Ninyi mliobaki pale kwenye maegesho mmeniomba niandike niliyojifunza kwa miaka yote niliyokaa Tunduma nikiamua nani kamgonga nani. Najua mlitaka vichekesho vya madereva. Vimo kidogo. Lakini kalamu yangu, kila nikiiweka kwenye karatasi, inarudi kwenye kile kimya, na nimechoka kuivuta pembeni.

Niliajiriwa kukata tiketi getini. Yadi wakati ule ilikuwa kokoto na madimbwi, malori yakilala nyuma yakingoja zamu ya kuvuka, magari madogo yakipangwa mbele kwa safu mbili zinazotazamana. Watu waliacha magari kwetu, wakavuka mpaka kwa miguu kwenda Nakonde, wakarudi na magodoro kichwani. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Sina la kuongeza kuhusu viatu hivyo.

Siku hiyo hiyo magari mawili yalitoka kinyumenyume kutoka safu mbili, yakakutana katikati matako kwa matako. Madereva wakatoka wakifoka. Mmoja, mtu wa ng'ambo ya mpaka, akanikimbilia mimi niliyekuwa sijui hata choo kiko wapi, akaniita mama kwa heshima ya lugha ya kwao.

"Ba mayo, mimi nilikuwa natoka polepole, mukwai. Muulize huyu macho yake aliyaacha wapi."

"Macho yangu nimeyaacha kwenye bampa lako," mwenzake akajibu.

Mzee Yaredi akapita katikati yao kama mtu anayepita katikati ya kuku. Alikuwa msimamizi wa yadi, Mnamwanga mrefu, dereva wa malori wa zamani ambaye goti lake moja lilikuwa halikunji vizuri. Hakumwuliza mtu kitu. Alijishusha chini kwa taabu, akatoa kipande cha chaki mfukoni, akachora alama pembeni mwa kila tairi, magari yote mawili, tairi nane. Kisha akasimama, akajipangusa, akasema, "Sasa ongeeni."

Baadaye kibandani akanieleza. "Binti, mtu akishasema mbele za watu, amejifunga. Hata akigundua amekosea atang'ang'ania, kwa sababu watu wamemsikia. Gari halina watu wa kuwaonea aibu. Anza na gari."

Kazi yote niliyoifanya baada ya siku hiyo ilitoka kwenye maneno hayo. Alinifundisha kutazama matairi yameelekea wapi kabla mtu hajayagusa. Alinifundisha kutofautisha mbonyeo na mkwaruzo: mbonyeo unaonyesha lililokuja na nguvu, mkwaruzo unaonyesha lililokuwa likipita. Kupima kwa futi upana wa njia iliyobaki. Kukaa kwenye kiti cha dereva mwenyewe, kwa urefu wake yeye, ndipo useme alipaswa kuona nini kwenye kioo. Na kuchungulia chini. Kila gari la huku limebeba shamba la mwenyewe chini ya matairi, alisema. Likigongwa likiwa limesimama, udongo huanguka papo hapo, chungu moja. Likigongwa likiwa linatembea, huutawanya kama mtu anayepanda ulezi.

Kuhusu wanaorudi nyuma alikuwa na kanuni yake. Aliisema kwa sauti ya mtu anayesoma amri kumi: "Anayerudi nyuma ndiye mwenye kosa, mpaka ionekane vinginevyo." Maana anayepita njiani ana haki ya njia, na anayetoka kwenye nafasi yake ndiye anayepaswa kungoja. Wakirudi wote wawili, wagawane. Lakini aliyesimama akangoja, akagongwa na mwenye mbio, huyo hana kosa hata kama pua ya gari lake bado imo kwenye nafasi.

Mzee Yaredi alipoondoka kazini, chaki nikaachiwa mimi. Jambo la kwanza nililofanya nikiwa msimamizi ni kuagiza kibao. Fundi wa kuandika akaniambia ubao alionao ni mfupi, kanuni yote haiingii kwa herufi za kusomeka kutoka mbali. Nikamwambia aandike nusu ya kwanza, ndiyo muhimu. Kile mnachokiona hadi leo juu ya geti, ANAYERUDI NYUMA NDIYE MWENYE KOSA, ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili niliikata mimi kwa sababu ya urefu wa ubao.

Kibao kilifanya kazi vizuri mno. Watu walikisoma wakiingia, wakajihukumu wenyewe. Mwinjilisti mmoja alirudi nyuma akaligonga lori lililokuwa limelala pale siku ya tatu, akaja kuniambia kwa upole kwamba lori lilimsogelea. Nikamwonyesha kibao. Akakitazama, akainamisha kichwa, akaniuliza kama nina muda tuombe. Tuliomba. Kosa likabaki lake.

Ndipo wakaanza kuniita Mama Chaki, na jina likanipanda kichwani. Karatasi niliyoandika, ile ya ukurasa mmoja tuliyoiita karatasi ya yadi, wenye magari waliipokea kama neno la mwisho. Walikuja kuniuliza hata waliogongana kwingine. Kadiri jina la chaki lilivyokua ndivyo chaki yenyewe ilivyokaa mfukoni. Nilifika, nikatazama, nikasema. Nilijivunia kwamba nilihitaji muda mfupi kuliko wa chai kupoa.

Siku ya kile kimya ilikuwa alasiri, siku mbili baada ya mvua. Nilikuwa na wafanyakazi wawili wapya niliokuwa nawafundisha, mmoja mama wa makamo, mwingine kijana aliyemaliza chuo. Tulitoka kibandani pamoja. Njiani kati ya safu mbili kulikuwa na pikapu ya zamani ya rangi ya maziwa, imetoka nusu kwenye nafasi yake, ubavu wake wa nyuma umebonyea ndani. Gari refu jeusi lilikuwa limeuingia ubavu huo kwa pua.

Mwenye gari jeusi alikuwa Zakayo, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Ndalambo, mteja wetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu mkononi bado.

"Afadhali umekuja, Mama Chaki," akasema. "Mzee huyu karudi bila kutazama. Taa zake nyeupe za kurudi nyuma nimeziona kwa macho yangu."

Dereva wa pikapu alikuwa mtu mzima, kofia ya sufu kichwani, koti limefungwa vifungo vyote. Jina lake Ambakisye, Mndali wa milima ya Ileje, aliyeendesha gari la kikundi cha wakulima wa kahawa wa Isansa. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za kwao.

"Shikamoo, mama," alinisalimia kwanza, ingawa alinizidi umri. Nikaipokea shikamoo hiyo. "Ni kweli nilikuwa narudi. Nikamwona anakuja. Nikasimama, nikatoa gia, nikamngoja apite. Hakupita. Akaniingia."

"Alisimama kama mlima," dereva mmoja wa lori akasema nyuma yetu, na watu wakacheka.

Nami nikaongeza. "Baba, kila anayeletwa kwangu alikuwa amesimama. Yadi hii magari yaliyosimama yanagongana kila wiki."

Wakacheka zaidi. Wale wafanyakazi wangu wawili nao wakacheka. Nitasema kweli: kicheko kile kilinipendeza. Kilinipanda kama chai ya tangawizi.

"Hutachora, mama?" Ambakisye akauliza. Alikuwa amesikia habari za chaki, kama wote.

"Nichore nini? Soma pale."

Alivua kofia, akageuka kukisoma kibao, midomo yake ikitembea. "Imeandikwa hivyo," akasema. "Ila mimi nilikuwa nimesimama."

Niliandika karatasi juu ya boneti ya gari jeusi. Nilipompa nakala yake hakuipokea mara moja.

"Mama, kwetu karatasi hii ikifika na kosa, funguo narudisha. Ndiyo sheria ya kikundi. Ilipopitishwa, mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza." Akanitazama. "Wewe ulikuwa hapo kibandani. Hukusikia?"

"Nimesikia vizuri sana," nikamjibu. "Watakuelewa, baba. Nenda salama."

Akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni ndani ya koti, akafunga kifungo.

Kabla jua halijatua, lori moja la mafuta lilianza kutoka kinyumenyume kule nyuma. Pii, pii, pii. Dereva akasimama achungulie, kengele ikanyamaza. Mkono wangu ulikuwa kwenye kikombe. Nikakiacha. Kengele haikatiki gari likiwa linarudi. Hukatika gia ikitolewa. Na ile ya pikapu ilikatika, pakawa kimya, ndipo pakalia bati. Nilikuwa nimekisikia kimya hicho kwa masikio yangu yote mawili, na mtu akaniuliza, na nikamjibu nimesikia vizuri sana.

Nilikwenda mahali pale peke yangu. Magari yalikuwa yameshaondolewa. Chini palikuwa na udongo mwekundu wa Isansa, chungu moja, mviringo, haujatawanyika, kama ugali uliopinduliwa kutoka sufuriani. Upande mmoja ulikuwa umebeba bado umbo la ukingo wa madigadi. Vipande vya kioo cha taa vilikuwa juu yake na kando yake, vimekaa pamoja. Mtoto wa darasa la pili angesoma: hapa palikuwa na gari lililosimama.

Nikatazama huku na huku. Kisha nikaenda kuchukua fagio.

Mara nyingi nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, kwamba ulikuwa muda wa usafi, kwamba kioo kingetoboa matairi. Nilifagia kwa mkono wangu mimi, msimamizi, ambaye nilikuwa sijashika fagio tangu enzi za kukata tiketi. Nikautupa udongo ule kwenye mfereji.

Hakuna aliyenilazimisha. Zakayo hakunipa chochote wala hakuomba chochote. Mwenye yadi hata hakuwa mjini. Ningekuwa nimeshurutishwa, ningekuwa na mtu wa kumlaumu pamoja nami. Nilichokuwa nacho ni wafanyakazi wawili waliocheka mzaha wangu, na kibao.

Kesho yake simu ililia. Alikuwa katibu wa kile kikundi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu.

"Mama, samahani kukusumbua. Ambakisye tunamfahamu, hajawahi kutuletea karatasi ya namna hii. Anasema alikuwa amesimama. Tunasikia wewe hukosei, ndiyo maana nikaona nikuulize mwenyewe. Ulichoandika ndicho kilichotokea?"

Wale wawili walikuwa wamesimama mbele yangu, wakingoja niwape kazi za siku. Maneno ya Mzee Yaredi yalinijia yote, yale ya mtu aliyejifunga mbele za watu. Yalinijia, nikayaona, nikayapita.

"Ndicho," nikasema.

"Ahsante, mama. Basi."

Miezi kadhaa baadaye mama mmoja wa Isansa alikuja kuegesha, nikamwuliza kama mtu anayeuliza bei ya kahawa. Akaniambia Ambakisye aliweka funguo mezani mbele ya wanachama wote, akawaomba radhi, akatoka kwa miguu. Wiki ile ile alifungasha, akarudi kwao milimani.

Tangu hapo chaki ikarudi mkononi mwangu. Mliponiona napiga magoti kwenye matope nikiwa na umri huu, nikichora hata pale palipokuwa wazi, mlidhani ni bidii. Mlinisifu kwa hilo. Nilipochungulia chini ya magari nilikuwa nautafuta udongo ule ule, na kila mara ulikuwa wa mtu mwingine. Siku hizi mna kamera pale kwenye nguzo, na ni jambo jema. Ila kamera haisikii, kwa hiyo ulizeni pia nani alisikia nini, na kwa mpangilio gani. Na mkishauliza, mngojeni mtu amalize kujibu.

Siku ya kuniaga mlinipa boksi zima la chaki za rangi. Yule kijana wa chuo, ambaye sasa ndiye msimamizi wenu, alisimama akasema, "Mama Chaki hajawahi kukosea hata mara moja." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikaitazama mikono yangu, na yenyewe ilikuwa inapiga.

Wiki iliyofuata nilipanda gari la Itumba, kule Ileje kwa kina Ambakisye. Nilikuwa na karatasi ya yadi tupu niliyoichukua siku ya mwisho, nayo nimeijaza nyumbani: Pikapu ilikuwa imesimama. Kosa ni la gari lililoigonga. Na aliyeandika karatasi ya kwanza alilijua hilo siku ile ile. Niliiandika mara tatu, kwa sababu mara mbili za mwanzo niliiacha ile sentensi ya mwisho.

Kule juu ukungu ulikuwa haujainuka. Nilielekezwa nyumba ya matofali ya kuchoma, mlango wa mbao nene. Ambakisye alikuwa sebuleni akipukuchua mahindi. Alinitambua hata kabla sijajitambulisha.

"Mama wa kibao," akasema. "Karibu, kaa."

Nilikaa. Nikampa karatasi bila utangulizi, maana utangulizi wote niliouandaa njiani ulikuwa wa kunipendeza mimi. Aliisoma kama alivyosoma kibao, midomo ikitembea. Alipomaliza alianza upya kutoka juu. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Hii ya siku ile ile. Ni kweli siku ile ile, au ulikuja kugundua baadaye?"

Nilikuwa na njia ya kukwepa hapo. Alinifungulia mwenyewe. Ningesema baadaye, angenielewa, angenipa chai.

"Siku ile ile, baba. Kabla jua halijatua. Na udongo nilikuta, nikaufagia. Na katibu wenu alinipigia, nikamwambia ni sahihi."

Mahindi machache yalidondoka kutoka mkononi mwake, yakaviringika sakafuni, hakuyafuata.

"Unajua nilifanya nini?" akasema. "Nilianza kujiuliza. Niko shambani, ninakanyaga chini kwa mguu wa kulia, hivi, najaribu kukumbuka. Ilikuwa breki au ilikuwa mafuta? Nilikanyaga mpaka mguu wenyewe ukasahau. Nikasema, watu wote wale hawawezi kukosea, na yule mama kazi yake ni hiyo. Nikakubali. Nikasimama kanisani nikaungama, nikasema niligonga kwa uzembe kisha nikakana mbele za watu. Watoto wangu nikawaambia, msiwe kama mimi, mkikosea semeni." Akautazama mguu wake wa kulia kama mtu anayemtazama mgeni. "Kumbe nilikuwa nimesimama."

Kisha akaita, bila kupaza sauti. "Mama Tuse. Njoo usikie."

Mke wake akaja kutoka jikoni, akipangusa mikono kwenye khanga. Akanisalimia, akasimama.

"Rudia," Ambakisye akaniambia.

Nikarudia. Kimya, udongo, fagio, simu. Kumwambia mtu mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mara ya pili unajua kila neno linapouma.

"Ulifagia wewe?" mke akauliza.

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mama."

Akaichukua karatasi kwa mumewe, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, mahali ambapo mtu huweka kitu asichotaka kipotee.

"Isansa wataijua," Ambakisye akasema. "Nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, kama nilivyotoka. Lakini wale wa kwako, wanaosema hukosei. Wameshajua?"

"Bado."

"Basi anza na hao."

Nimeanza. Kibao kipo juu ya geti. Tafuteni ubao mrefu zaidi.

Huku kwetu mgeni hatoki peke yake. Hata aliyekuja kwa ugomvi husindikizwa hadi njia panda, au angalau hadi kwenye migomba ya mwisho, na mwenyeji humshikia mfuko. Nilipoinuka, Ambakisye alibaki ameketi. Alikuwa anaukanyaga mguu wake wa kulia chini, taratibu, tena na tena, na sikutaka kumkatiza. Mama Tuse alinifikisha kizingitini, akasimama hapo.

"Njia unaijua," akasema.

Sikuwa nimeufikia hata mgomba wa kwanza niliposikia, nyuma yangu, mlango ukifungwa, kisha komeo.